Mwaka 1891, kutoka Ulaya hadi Rungwe walisafiri siku ngapi?

Binti_Tukuyu: Shikamooni wakubwa. Nafundisha kipaimara huku Rungwe. Nilikuwa nawaeleza watoto kwamba wamisionari wa Kimoravian walifika hapa 1891, mmoja akauliza, "Mwalimu, njiani walikaa siku ngapi?" Sikuwa na jibu. Anayezijua meli za mvuke za enzi hizo anisaidie.

Mwl_Makambako: Zilikuwa na mbio tayari. Mwaka 1889 City of Paris ilivuka Atlantiki kwa muda usiofika siku 6. Kuja huku weka wiki mbili.

Mzee_wa_Itungi: Marahaba mwanangu. Mwalimu, hiyo ilikuwa meli ya kushindania mbio, ya njia ya New York. Njia yetu haikuwa hivyo. Nimekaa chumba cha injini ziwani miaka mingi, kwa hiyo nipigie hesabu kama nilivyozoea.

Naples hadi Zanzibar, kwa kupitia Mfereji wa Suez, ni karibu maili za bahari 4,300. Meli ya maili 10 kwa saa inakula 240 kwa siku: siku 18 za mwendo mtupu. Ongeza kupakia makaa ya mawe, ongeza bandari za njiani kama Aden. Mfereji wenyewe ulikuwa umepata nafuu, maana tangu 1887 meli yenye taa kubwa ya umeme iliruhusiwa kupita usiku.

Hapo bahari imekwisha, Rungwe bado. Unateremka hadi Chinde, bandari iliyo mdomoni mwa mto Zambezi, unaingia mtoni kwa meli ndogo inayochoma kuni, kila mara inasimama kuzipakia. Kutoka Zambezi mnaingia mto Shire; ukipungua maji, mnakwama mchangani. Yakifika maporomoko, wote chini: karibu kilomita 100 mizigo inabebwa na watu. Ndipo meli ya ziwa Nyasa hadi Karonga, kaskazini mwa ziwa, halafu miguu kupanda huku kwetu. Hesabu miezi, Mwalimu.

Ilala, meli ya mvuke ya kwanza ziwa Nyasa, ilipita maporomoko hayo 1875 ikiwa vipande, mabegani mwa wapagazi. Mimi nimeinua bamba la boila tukiwa wanne, mgongo ukauma wiki nzima. Mwanangu, ukiandika majina ya wamisionari, wapagazi nao waandike, hata kama majina yao hayakuhifadhiwa.

Binti_Tukuyu: Ndaga fijo, baba. Jumapili nachora ramani ubaoni, na pale kwenye maporomoko nitachora watu.