Maziwa ya milima ya Wales yaitwe kwa Kiwelshi pekee? Mimi nasema ndiyo

Mleta mada (Manchester)

Wakuu, salamu kwenu. Kuna jambo limenikaa rohoni tangu Jumamosi, nalileta hapa tulijadili.

Tulikuwa familia tatu za Waswahili, tumekwenda Llyn Idwal (llyn ni ziwa) kaskazini mwa Wales. Gari mnaliacha Ogwen, kando ya barabara ya A5, mnavuka kidaraja cha mbao, halafu mnapanda njia ya mawe kama nusu saa mpaka ukingoni mwa ziwa. Mvua ilikuwa imekatika muda uleule. Maji yametulia tuli, majabali yamelikumbatia ziwa, kondoo wanakula majani kana kwamba hawatuoni. Juu kabisa jabalini kuna ufa mrefu mweusi unaochuruzika maji. Kwa Kiingereza wageni huuita Jiko la Shetani. Bibi mmoja mwenyeji alikuwa ameketi na mbwa wake pale penye changarawe, binti yangu wa miaka tisa akamwuliza wao wanauitaje. "Twll Du," akajibu. Twll ni tundu, du ni nyeusi. Mtoto akatamka kwa Kiswahili: Tundu Jeusi. Bibi akamwomba arudie. Akarudia. Kisha bibi akamwonyesha kwa vidole viwili kwamba maneno yamekaa kwa mpangilio wetu uleule, kitu kwanza, rangi baadaye. Mwanangu hajaacha kulisema tangu siku hiyo.

Tukiwa tunashuka, vijana wanne wakatuuliza njia ya "Ziwa Australia". Sikulijua. Nilipofika nyumbani ndipo nikafahamu kuwa ni Llyn Bochlwyd, ziwa dogo lililo juu ya Idwal. Ukilitazama kutoka mlimani lina umbo la bara la Australia. Bochlwyd maana yake shavu la kijivu. Wenyeji husimulia habari za kulungu dume mzee aliyekimbizwa na wawindaji, akajitosa ziwani, akaogelea hadi ng'ambo na shavu lake lenye mvi likiwa juu ya maji. Hadithi nzima imo ndani ya neno moja, na anayesema Australia anaipita bila kujua kwamba ipo.

Sasa mada yenyewe. Novemba 2022 mamlaka ya hifadhi ya taifa ya Eryri iliamua kutumia Eryri kwa hifadhi na Yr Wyddfa kwa mlima wake mkuu, badala ya Snowdonia na Snowdon, hata inapoandika kwa Kiingereza. Mwaka 2023 ikaendelea na maziwa: majina ya Kiwelshi ndiyo yatumike. Mwaka huohuo hifadhi ya kusini, iliyokuwa ikiitwa Brecon Beacons, ikajiita Bannau Brycheiniog. Watu wakagawanyika na hadi leo wanabishana. Mimi nasema wamefanya jambo la haki, na sisi tunaokwenda kupunga upepo kule tuyajifunze majina hayo. Karibuni, na anayepinga asisite.

Dereva wa Wolverhampton

Mleta mada, naomba kutofautiana nawe kwa heshima zote.

Jina ni chombo cha kumfikisha mtu anakokwenda. Mimi huendesha basi dogo la wageni, nimepeleka vikundi vya kanisa na vya msikiti huko mara nyingi. Ukimwambia mama wa miaka sitini kwamba tunakwenda kwenye maporomoko ya Rhaeadr Ewynnol anakukodolea macho. Ukimwambia Swallow Falls anakumbuka, na kesho anamsimulia mwenzake, na mwenzake naye anakuja na pesa zake. Majina yote mawili yakae pamoja kwenye kibao, kama yalivyokaa miaka yote. Kwa nini moja lifukuzwe?

Na kuna suala la usalama. Mtu amevunjika mguu kwenye ukungu, anapiga simu 999, ataanzaje kutamka Bochlwyd? Wenzetu wanaweza kufa kwa sababu ya siasa za lugha.

Binti Bangor

Kaka dereva, mimi naishi Bangor, milima hiyo naiona dirishani siku mbingu zikikubali. Hoja yako ya usalama naichukua kwa uzito, ila inakugeukia.

Ramani ya OL17 ya Ordnance Survey, shirika la ramani la huku, ile wanayobeba wapandaji wengi, imeandikwa Llyn Bochlwyd. Imeandikwa Llyn Idwal, Llyn Ogwen, Llyn Llydaw, Glaslyn. Jina la Australia wanalisema wageni midomoni tu. Mtu akiomba msaada kwa jina lisilokuwa kwenye ramani aliyonayo mkononi, huyo ndiye aliye hatarini. Na hata hivyo wa uokoaji watataka namba za gridi kabla ya jina. Ukipiga 999 unaomba polisi, halafu uokoaji wa milimani. Simu yako isajili mapema kwa kutuma neno "register" kwenda 999, maana mabondeni huko mara nyingi sauti haipiti lakini ujumbe mfupi hupenya.

Kuhusu kutamka, hapa nawaomba Waswahili mnisikilize. Sisi tuna bahati. Zile dd mbili za Wyddfa ni dh yetu, ya dhahabu na ya dhamana. F moja ni v. Ile ch ya Bochlwyd ni kh ya wazee wa pwani wanaposema kheri. Th ni ya thelathini. Mkazo kwa kawaida huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, sawasawa na Kiswahili. Kazi ipo kwenye ll tu: weka ulimi kama unataka kusema l, usitoe sauti, pitisha pumzi kandokando ya ulimi. Nilijifunza kwa wiki moja nikiwa naosha vyombo. Siku ya kwanza kumtamkia mwenye duka jina la kijiji chake alitoka nyuma ya kaunta kuja kunishika mkono.

Mama Wawili, Liverpool

Shikamooni mlionitangulia, wadogo zangu hamjambo.

Mnazungumzia maziwa, mimi nataka mfike Llyn Celyn, karibu na Bala. Nilipelekwa mara ya kwanza na jirani yangu, mama mzaliwa wa Liverpool. Pazuri mno, maji mapana, vilima vya kijani. Nikamwambia, hapa ningekaa mpaka jioni. Akaniambia kwa sauti ya chini: hapa chini kuna kijiji.

Kilikuwa kijiji cha Capel Celyn. Jiji letu la Liverpool lilitaka maji. Bunge la London likapitisha sheria mwaka 1957, na mwaka 1965 bonde la Tryweryn likafunikwa. Shule, posta, kanisa, makaburi, nyumba na mashamba, vyote chini. Kilikuwa kijiji cha watu wa Kiwelshi tupu. Baraza la jiji la Liverpool lilikuja kuomba radhi mwaka 2005, miaka arobaini baadaye. Kiangazi kikali kinaposhusha maji, mabaki ya kuta hujitokeza. Ukingoni kumejengwa kikanisa cha ukumbusho, na mawe ya makaburi ya zamani yameletwa hapo. Niligusa moja kwa kiganja, lilikuwa na baridi na limeota ukungu wa kijani kwenye herufi.

Sasa kaka dereva, wewe unauliza kwa nini jina moja lifukuzwe. Kwa watu hawa, kijiji kilifukuzwa. Mimi nimekunywa maji ya mabonde yao tangu nihamie huku. Kulisema jina lao sawasawa ni kidogo sana kulinganisha na nilichopokea.

Mwalimu mstaafu, Swansea

Mama Wawili amenigusa. Niongeze kwa ufupi.

Karne ya 19 katika shule nyingi za Wales mtoto aliyesikika akisema Kiwelshi alivishwa kipande cha mbao shingoni, kimechongwa herufi W.N., yaani Welsh Not. Alikaa nacho mpaka amkamate mwenzake akisema Kiwelshi, ampasie, na aliyekuwa nacho mwisho wa siku ndiye aliyechapwa. Nilipoliona pande lenyewe kwenye kabati la kioo la makumbusho nilisimama nisiweze kuondoka. Nilikivaa mimi! Shuleni kwetu, magharibi mwa Kenya, kilikuwa kibao chenye kamba ya katani, na kosa langu lilikuwa kumwita rafiki yangu kwa lugha ya mama. Kamba ilikuwa inawasha shingo. Leo nina miaka 71 na bado nikisikia neno "kibao" mkono unakwenda shingoni.

Matokeo ya mambo kama hayo yanahesabika. Sensa ya 2021 ilikuta wasemaji wa Kiwelshi ni kama 538,000, asilimia 17.8 ya watu wa Wales wenye miaka mitatu na zaidi. Gwynedd, kwenye milima hii mnayoizungumzia, ni asilimia 64.4. Pale lugha bado inanunua mkate na kuita mbwa. Kama jina la ziwa halitakuwa la Kiwelshi hata pale, litakuwa la Kiwelshi wapi?

Na wanaosema jina halibadilishwi wakumbuke Ziwa Turkana. Mpelelezi Mhungaria Teleki alilibatiza Rudolf mwaka 1888 kwa heshima ya mwana wa mfalme wa Austria ambaye hakuwahi kuliona. Lilibadilishwa 1975. Ni nani kati yenu anayepotea njia leo kwa kukosa jina la Rudolf?

Dereva wa Wolverhampton

Mwalimu, shikamoo. La kibao sina jibu, na pole sana.

Lakini Kenya ni taifa huru limejiamulia. Na watu hawakukatazwa kusema Rudolf.

Binti Bangor

Wala huku hakuna aliyekatazwa, kaka. Hakuna faini wala polisi wa majina. Sema Snowdon mpaka uchoke. Nyaraka za kisheria zenyewe bado zinataja majina yote mawili. Kilichobadilika ni mamlaka ya hifadhi kuchagua itaandikaje kwenye vibao na karatasi zake.

Fundi wa Wrexham

Ndugu zangu, mimi sipingi majina, lakini naona mmeshika mkia mkaacha ng'ombe.

Nimefanya kazi za kuezeka vijijini Gwynedd miaka sita. Unapanda juu ya paa mwezi wa pili, unatazama mtaa mzima, moshi unatoka nyumba tatu. Nyingine ni za watu wa mbali wanaokuja wiki chache za kiangazi kutazama ziwa. Kijana aliyezaliwa pale, anayelijua kila jina la kila dimbwi kwa lugha yake, hawezi kununua nyumba, anahamia Chester au Cardiff. Tangu Aprili 2023 halmashauri ya Gwynedd inawatoza wenye nyumba za pili nyongeza ya asilimia 150 juu ya kodi ya kawaida. Na sheria iliyopitishwa 2025 inaziruhusu halmashauri, kuanzia 2027, kumtoza mgeni anayelala pauni 1.30 kwa usiku, na peni 75 kwa hosteli na kambi. Hayo ndiyo ya kupigania. Jina bila msemaji ni kibao kwenye nguzo.

Mleta mada, ulilala wapi Jumamosi?

Mleta mada (Manchester)

Fundi, swali lako ni halali. Tulilala kwenye nyumba ya kukodi kijijini, siku mbili, na sikujiuliza hata mara moja ingekuwa ya nani kama si ya wageni. Kabatini mlikuwa na penseli za mtoto na mstari wa kupimia urefu kwenye fremu ya mlango, na majina mawili ya Kiwelshi kando ya tarehe. Watoto hao walikua wakaenda wapi? Nimelifikiria hilo tangu niliposoma ujumbe wako.

Kwa hiyo nakubaliana nawe kwamba nyumba ni kubwa kuliko jina. Sikubali kwamba jina lingoje nyumba zipatikane. Mwalimu amesema Gwynedd lugha bado ipo hai. Kijana anayeondoka akakuta hata ziwa la babu yake limeitwa Australia, anaondolewa mara mbili. Na hiyo ada ya pauni 1.30 mimi nitailipa kwa moyo mweupe, kwa watu wote sita tuliokuwa nao.

Kaka dereva, umesema mama wa miaka sitini anakodoa macho. Mama yangu mzazi ana 66 na alikuwa nasi. Nilimwambia Glaslyn ni "ziwa la buluu", kwamba glas ni buluu, na rangi yake ya ajabu inatokana na shaba iliyokuwa ikichimbwa pale juu. Nikamwambia na habari za afanc, dubwana la majini ambalo wazee wanasema lilifungwa minyororo likakokotwa na maksai kutoka mto Conwy hadi kutupwa humo. Hakusahau. Ameshawasimulia dada zake Tanga kwa simu, na amelitaja ziwa kwa jina.

Dereva wa Wolverhampton

Bado nataka majina mawili kwenye kibao, hapo sijahama. Mgeni wa kwanza naye ni mtu, asitishwe mlangoni.

Ila nina safari ya akina mama kumi na wanne mwezi ujao, wanakwenda Idwal. Binti Bangor, nirekodie sauti ya Llyn na ya Bochlwyd unitumie, pamoja na hiyo hadithi ya kulungu. Nitawasimulia ndani ya basi kabla hatujafika Betws-y-Coed. Na hilo Betws nalo nirekodie, maana miaka yote hii nadhani nimekuwa nikilikosea.

Binti Bangor

Nakutumia usiku huu, kaka. Betus-a-koid, w ni u. Waambie akina mama wavae viatu vyenye meno, yale mawe yakilowa yanateleza.