Mashine ya zamani ya kuchapia TFC (kazi ya kumaliza masomo ya chuo): niweke pesa wapi kwanza?

MamaFotokopi (Goma, Birere)

Habari zenu wote. Nina kibanda cha kuchapa na kutoa fotokopi huku Birere. Mashine yangu ni kompyuta ya mezani, prosesa Core 2 Duo, memori giga 2, diski giga 160, Windows 7 na Word 2007. Niliinunua ikiwa imeshatumika, kwenye ofisi iliyokuwa inahama. Imelipa karo ya watoto wangu watatu, kwa hiyo mtu akiniambia niitupe, naomba anipe na sababu.

Umeme wa hapa unakatika bila kuaga. Ukirudi, mashine inasimama kwenye kioo cheusi, inanidai nibonyeze F1, na tarehe imesharudi Januari 2007. Kabla sijairekebisha, intaneti yote inagoma: kila ukurasa unasema muunganisho si salama. Mwanafunzi amenitumia kazi yake kwa WhatsApp, amesimama mlangoni na pesa mkononi, na mimi bado niko kwenye kalenda nasogeza miaka.

Hata tarehe ikiwa sawa, Chrome inanikumbusha kila asubuhi kwamba haitapata tena toleo jipya. Kurasa nyingine zinafunguka nusu, nyingine hazifunguki kabisa.

Memori nimeitafuta sokoni. Kila muuzaji ananitolea aina mpya zaidi, DDR3. Yangu ni DDR2, na ule mkato wa chini hauko mahali pamoja, haiwezi kuingia. Mmoja alitaka kuisukuma kwa nguvu, nikamshika mkono.

Halafu vumbi. Ninyi wa Goma hamhitaji kuelezwa, tunaishi juu ya mawe ya Nyiragongo ya mwaka 2002 na kila gari likipita linatupandishia mengine. Nikifungua kasha, feni imejaa kitu cheusi na chepesi kama unga wa makaa, kimeshikamana hadi katikati ya vile vyuma vinavyopoza prosesa. Nafuta na brashi ya rangi, wiki mbili tatu kelele inarudi.

Na sasa kuna sauti mpya. Nikihifadhi faili kubwa, ndani kunalia tik, tik, kioo kinaganda, kisha kazi inaendelea.

Kinachoniumiza ni kwamba kuchapa kwenyewe hakuna shida. TFC ya kurasa 60, yenye majedwali na picha, inafunguka na inatoka kwenye printa vilevile kama siku ya kwanza. Kazi yangu haijabadilika. Vinavyoizunguka ndivyo vinavyoikataa kimoja kimoja, leo intaneti, kesho memori, keshokutwa sijui nini. Pesa ni ngumu na siwezi kutengeneza vyote mara moja. Nianze na kipi?

Fundi_Majengo

Jambo mama. Umeandika mambo mengi, lakini lililo haraka umeliweka mwisho. Hiyo tik, tik ni diski. Acha memori, acha feni, acha hata tarehe. Leo hii chukua diski ya nje au flashi kubwa, toa kazi zote za wanafunzi humo. Diski ikilia hivyo inaweza kukaa miezi, inaweza kufa kesho saa nne, na hakuna wa kukwambia ni ipi kati ya hizo mbili.

Ukishakopi, weka programu ndogo inaitwa CrystalDiskInfo. Ni ya bure na inakaa vizuri kwenye Windows 7. Ikionyesha bluu, diski bado nzima. Ikionyesha njano, usiitegemee tena.

Tarehe ni jambo dogo. Kwenye kadi mama, ule ubao mkuu wa ndani, kuna betri ya duara, CR2032, ya volti 3. Ndiyo inayotunza saa umeme ukiwa haupo, na yako imekwisha. Hata watengeneza saa wanaiuza. Zima, chomoa waya kwenye prizi, bonyeza kile kishikizo cha pembeni, itaruka yenyewe. Upande ulioandikwa + unatazama juu. Kurasa zinakukataa kwa sababu vyeti vya usalama vya intaneti vina tarehe ya kuanza na ya kuisha. Mashine inayodhani tuko 2007 inaona vyeti vyote havijaanza kazi.

Ukiwa umefungua, tazama zile kondansata, vile vimikebe vidogo vilivyosimama karibu na prosesa. Vichwa vikiwa bapa, sawa. Vikiwa vimevimba au vimetoa uchafu wa kahawia, niambie kabla hujanunua kitu chochote, kwa sababu hapo hesabu inabadilika. Mashine nyingi za miaka ile zilikufa kwa ugonjwa huo.

Kijana_Himbi

Mama, mimi ndiye huyo mwanafunzi anayesimama mlangoni, kwa hiyo nasema kwa heshima. Tafuta laptop iliyotumika. Laptop ina betri yake, umeme ukikatika unaendelea kuchapa. Inakula wati 40 au 60 hivi, wakati ya mezani pamoja na kioo chake inapita 100 kwa urahisi, na kama siku moja utaweka sola utaona tofauti. Windows 7 iliachwa tangu 14 Januari 2020, Windows 10 nayo imeachwa Oktoba 2025, na Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 ambayo mashine yako haina. Kila franka unayoweka humo unaiweka kwenye kitu ambacho waliokitengeneza wameshakiacha.

Na flashi zetu zina virusi, tuseme ukweli. Nimeona mashine za kuchapia zikigeuza mafolda yote kuwa njia za mkato, mtu anadhani TFC yake imefutika usiku wa kuamkia siku ya kuitetea.

Mwalimu_Kadutu (Bukavu)

Mdogo wangu wa Himbi, usemayo ni kweli, lakini laptop iliyotumika nayo inakuja na betri iliyochoka. Nimenunua moja ikakaa dakika ishirini. Huo si uokoaji.

Mama, nina mashine ya umri wa yako. Nilichofanya ni kuondoa diski ya zamani na kuweka SSD, diski ya aina mpya, ya giga 120. Kebo ni ileile ya SATA, haihitaji kitu kingine. Kuwaka kulikokuwa kunanipa muda wa kuchemsha chai sasa ni chini ya dakika moja, na sikugusa memori. SSD yenyewe ni ndogo kuliko nafasi ya diski ya kawaida ndani ya kasha, lakini haina kinachozunguka ndani, unaweza kuibana hata kwa utepe.

Kwa intaneti niliweka Linux Mint, mfumo mwingine wa bure wa kuendesha kompyuta, ile nyepesi ya Xfce, pembeni ya Windows. Core 2 Duo inaibeba. Ukiwasha unachagua. WhatsApp na barua pepe nafungulia huko, kwa brauza mpya kabisa, na virusi vya flashi za Windows havinisumbui. Lakini kuchapa nabaki kwenye Word. LibreOffice, programu ya kuandikia ya huko Linux, ni nzuri, ila nilifungua humo tasnifu ya mtu, yaliyomo yakahama kurasa na maelezo ya chini yakashuka. Mwanafunzi ndiye anayelipia hilo mbele ya profesa wake.

Usipotaka Linux, basi brauza ya Firefox 115. Ndiyo ya mwisho inayokubali Windows 7.

MamaFotokopi

Asanteni sana. Betri nimebadilisha. Jana usiku umeme ukakatika, leo asubuhi tarehe imebaki ilivyo na WhatsApp ikafunguka bila maswali. Kondansata zote vichwa bapa, nimetazama na tochi ya simu moja baada ya nyingine.

CrystalDiskInfo imetoa njano. Nimeshakopi kazi za mwaka huu na mwaka jana, zilizobaki nakopi leo jioni kabla watu hawajaanza kupika, maana saa hizo taa zinafifia na mashine inajizima.

Kijana wangu wa Himbi, nimekusikia, lakini mimi nakaa kwenye kibodi kuanzia asubuhi hadi giza. Kibodi yangu ni kubwa, kioo kiko usawa wa macho, na hakuna mwizi anayeweza kuibeba chini ya koti. Laptop nitaifikiria siku nikipata ya uhakika.

Kwa sasa nanunua SSD. Fundi, nihamishe diski yote kama ilivyo, au niweke Windows upya?

Fundi_Majengo

Weka upya. Diski yenye njano ukiihamisha nzima unailazimisha kusoma hadi sehemu zilizoharibika, inaweza kukata roho katikati, na makosa yake yanahamia kwenye mpya. Kopi kazi zako tu, usiiwashe kwa kitu kingine. CD ya Office 2007 na namba yake bado unazo? Zitafute kwanza kabla hujachomoa chochote. Na ukipata nafasi, nunua UPS, kile kisanduku chenye betri kinachoshikilia mashine umeme ukikatika, kabla ya memori. SSD haipendi kukatiwa umeme katikati ya kuandika.

MamaFotokopi

CD ninayo, namba imeandikwa kwenye kasha. Jumamosi mchana nitakuwa nimefunga, nitakuja nayo Majengo.