MREJESHO: lile karavani la zamani, tumelibomoa lote ndani

Wakuu habari, mimi ni yule wa Mikindani niliyeuliza kabla ya mvua kama karavani kuukuu (kile kijumba cha magurudumu cha kuvutwa na gari) nililonunua na wife tulibomoe lote ndani au tuzibe tu panapovuja tupake rangi. Wengi mlisema bomoa. Tumebomoa.

Aisee kwa nje lilikuwa zuri tu, alumini inang'aa, ila tulipobandua plaiwudi chini ya dirisha la mbele fremu ya mbao ikamomonyoka mkononi kama mkate uliolowa chai, skrubu zinaning'inia tu hazijashika kitu. Maji yalikuwa yanapenya kwenye maungio ya paa na pembeni mwa madirisha yanashuka taratibu mpaka sakafuni. Wife ndo aliyegundua sehemu zote zilizooza, anagonga ukuta na mpini wa bisibisi anasikiliza, pakilia vibaya anachora chaki.

Chesisi imeliwa na kutu, hewa ya chumvi hii mnaijua, fundi wa kuchomelea kakata palipooza kaunga chuma kipya.

Kwenye fremu seremala aling'ang'ania mninga. Wife akagoma, mninga mzito na ekseli ni ileile ya kizamani, basi tukachukua paina tukaipaka dawa ya mchwa.

Madirisha tunarudisha kwa utepe wa butili (ule wa mpira laini unaonata, wa kuzuia maji), silikoni hapana, maana ikiachia hata ukiweka mpya juu yake haishiki. Shida huo utepe hapa Mtwara sijauona, mwenye kujua duka Lindi au Masasi anistue.