Mgonjwa haitiki, lakini ubongo unajibu: ndugu wakitaka mpira wa chakula utolewe, wasikilizwe?

Mleta mada

Wakuu, tulijadili hili bila jazba. Mtu kaumia kichwa vibaya, miezi inapita. Simzungumzii aliyekufa ubongo. Huyo shina la ubongo limeshazima, hapumui bila mashine, na sehemu nyingi sheria inamhesabu marehemu. Ninayemsema anapumua mwenyewe. Asubuhi anafumbua macho, usiku anafumba, anapiga miayo, anasaga meno. Mwambie "finya mkono wangu", kimya. Anaishi kwa kulishwa kwa mpira.

Kuwa macho ni jambo moja, kuwa na fahamu ni jingine. Watafiti wa ubongo Moruzzi na Magoun walionyesha mwaka 1949 kwamba mtandao wa neva ndani ya shina la ubongo ndio unaouamsha ubongo mzima. Mtandao huo ukipona, macho yanafumbuka hata kama gamba la ubongo, yaani tabaka la juu linalofikiri, limeharibika kiasi kwamba hakuna anayetazama. Ndiyo maana kwa miaka mingi jibu lilikuwa rahisi: haitiki amri, basi hayupo.

Mwaka 2006 mtafiti Adrian Owen na wenzake walimweka kwenye mashine ya MRI, inayoonyesha sehemu gani ya ubongo inafanya kazi, dada wa miaka 23 aliyepata ajali ya gari, hali ni hiyohiyo. Wakamwambia awaze anacheza tenisi. Likawaka eneo linalopanga mijongeo. Wakamwambia awaze anatembea chumba hadi chumba nyumbani kwake. Yakawaka maeneo mengine kabisa, yaleyale yanayowaka kwa mtu mzima wa afya.

Msimamo wangu: mpira usiguswe kabla ubongo haujapimwa kwa njia hii. Pingeni.

Pingamizi

Napinga. Neno "tenisi" likiingia masikioni ubongo unaweza kujibu wenyewe tu, kama goti linavyoruka likigongwa. Hiyo siyo fahamu.

Mleta mada

Goti haliendelei kuruka nusu dakika, mkuu. Yule dada alishikilia wazo kwa sekunde 30, akaacha alipoambiwa apumzike. Na mwaka 2010 wakapima wagonjwa 54. Watano waliweza kubadilisha shughuli za ubongo wao kwa amri, na mmoja akajibu maswali: tenisi ni ndiyo, nyumba ni hapana. Akaulizwa mambo ya familia yake kama jina la baba. Maswali sita, matano alijibu sahihi, la sita hakukuwa na jibu lolote. Refleksi gani inamjua baba yake?

Nesi Mkongwe

Mnakimbilia mashine mapema mno wanangu. Mwaka 2009 ulichapishwa utafiti wa wagonjwa 44 ambao madaktari wao walikubaliana kwamba hawana fahamu. Walipopimwa kwa utaratibu maalumu kitandani, 18 walikuwa na dalili za fahamu. Kitandani, bila MRI!

Chukua kioo, mwekee mbele ya uso, kisogeze polepole kulia na kushoto. Kuna wagonjwa hawafuati kidole wala kalamu, ila sura yao wenyewe macho yanaifuata. Halafu rudia saa nyingine, na siku nyingine, maana fahamu za hawa zinakuja na kuondoka. Daktari anayepita mara moja saa nne asubuhi, mgonjwa akiwa amesinzia, ataandika nini kwenye faili?

Pingamizi

Shikamoo mama. Na upande wa pili je? Ndugu wanaona tabasamu palipo na msuli tu. Terri Schiavo kule Marekani alianguka mwaka 1990, wazazi wake wakashikilia kwamba anawatambua, kesi ikafika hadi bunge. Mpira ulitolewa Machi 2005, akafariki tarehe 31. Uchunguzi wa maiti ukakuta ubongo una gramu 615, kama nusu ya unavyotakiwa kuwa. Hapo MRI yako ingeokoa nini?

Mleta mada

Marahaba kwa niaba ya mama, ha ha. Kwa Schiavo nakubali hoja. Ila huwezi kumhukumu kila mgonjwa kwa kesi yake. Utafiti mkubwa wa mwaka 2024 ulikuta kati ya wagonjwa 241 wasioonyesha kuitika amri yoyote, 60 ubongo wao uliitika. Mmoja kati ya wanne.

Bint Tafakari

Mleta mada, umesoma nusu ya utafiti huo. Walikuwamo pia wagonjwa 112 waliokuwa wanatii amri waziwazi kitandani, kila mtu anaona. Walipopimwa, kipimo kiliwakamata 43 tu! Kwa hiyo mashine ikisema "yupo", sawa, yupo. Ikikaa kimya haijasema kitu. Sasa sera yako ya "apimwe kwanza" inanitisha kuliko hali ya sasa, kwa sababu kipimo kikirudi tupu watu watakishika kama hati ya kifo.

Pingamizi

Hapo umenibana hata mimi.

Mleta mada

Nimekusoma. Narekebisha: jibu la ndiyo lizuie kutoa mpira, kimya cha mashine kisihalalishe.

Bint Tafakari

Bado. Ukishajua yupo, kwa nini liwe zuio tu? Mnajadili mpira, mimi namwaza mtu anayesikia ndugu zake wakigombana juu ya kichwa chake. Swali la kwanza ningemuuliza kama anaumwa, maana dawa ya maumivu haihitaji mahakama. Hilo la kuishi au kufa, kwa ndiyo na hapana za kuwaza tenisi, nisingethubutu kulichukua kama ridhaa. Jina la baba lina jibu unaloweza kulihakiki. "Unataka kufa?" utalihakiki wapi?

Nesi Mkongwe

Na dawa ya maumivu mpeni hata kabla hamjamuuliza.