Mzabuni ametuuzia "urudufishaji salama" unaomwamini yeyote anayejiita Dodoma

Wakuu, salaam. Jambo hili nimekaa nalo kwa wiki tatu nikijaribu kulimaliza kwa barua na simu, na sasa uvumilivu umeniishia, kwa hiyo naomba mnistahimilie kwa urefu wa uzi huu.

Mimi ni msimamizi wa mifumo katika chama kimoja cha akiba na mikopo. Tuna seva kuu Dar es Salaam na seva ya nakala rudufu katika ofisi yetu ya Dodoma, na kila siku saa nane usiku mafaili ya wanachama, yaani fomu za mikopo, hati za mishahara, namba za NIDA na namba za simu, hunakiliwa kutoka ya kwanza kwenda ya pili kwa rsync (programu ya kunakili mafaili) inayopita ndani ya SSH (njia ya kuunganisha kompyuta mbili iliyosimbwa, yaani iliyofichwa kwa msimbo). Kazi ya kuziunganisha seva hizi alipewa mzabuni ambaye sitamtaja. Mkataba unasema "urudufishaji salama wa taarifa", na neno "salama" limeandikwa humo mara nne. Nimelihesabu, kwa hasira.

Mwezi uliopita diski ya seva ya Dodoma ilikufa. Mwenzangu aliyeko huko aliweka diski mpya, akasakinisha mfumo upya na kurudisha mipangilio yetu, lakini ufunguo unaoitambulisha seva yenyewe ulizaliwa upya, kama inavyotokea kila OpenSSH, programu inayoendesha SSH, inapowekwa kwenye mashine mpya. Nilitarajia kwamba saa nane usiku seva ya Dar ingegoma. Ndivyo inavyopaswa kuwa: ikiikuta Dodoma na ufunguo tofauti na ule iliouzoea, hutoa lile onyo la herufi kubwa lililozungushiwa alama za @, na kazi husimama hadi mtu athibitishe kilichobadilika. Nilitega kengele ya simu ili niamke nilishughulikie. Nilipoamka nikakuta barua pepe imeshaingia: URUDUFISHAJI UMEKAMILIKA.

Hapo ndipo nilipoifungua skripti ya mzabuni, yaani faili la amri zinazoendesha urudufishaji, kwa mara ya kwanza, na hilo ni kosa langu, nalikiri. Mstari wa sita ulikuwa na maneno mawili yaliyonitoa usingizini kabisa: StrictHostKeyChecking=no, na pembeni yake UserKnownHostsFile=/dev/null. La kwanza linaiamuru seva ikubali mwenyeji yeyote bila kuuliza, na la pili linaifanya isahau kila aliyewahi kumkubali, kiasi kwamba kila usiku seva ya Dar hukutana na Dodoma kama mgeni isiyemjua, kisha humkabidhi mafaili yote ya wanachama.

Nilimpigia fundi wao asubuhi ile ile. Jibu lake, namnukuu: "Mkuu, lile onyo lilikuwa linakatisha kazi, ndiyo maana tulilizima. Lakini usiwe na wasiwasi, data yote inasafiri ikiwa imesimbwa."

Imesimbwa kwa ajili ya nani? Hili ndilo swali ambalo hadi leo hawajalijibu. Ukituma mzigo kwa basi kutoka Dar kwenda Dodoma, karani wa ofisi ya basi hamkabidhi mtu kwa sababu tu amefika dirishani na kutaja jina lako. Anataka namba ya risiti, na mara nyingi anataka kuiona simu uliyoiandikisha. Kuufunga mzigo kwa gundi na kamba ni kazi moja, na kumjua anayeupokea ni kazi nyingine. Usimbaji humzuia aliyeko njiani asisome, lakini haumzuii hata kidogo yule aliyejiweka mwisho wa njia akijifanya ndiye mpokeaji, kwa kuwa huyo ndiye uliyekubaliana naye ufunguo wa kusimbua.

Kwa kuwa meneja aliniona kama mtu wa nadharia, niliomba ruhusa ya maandishi nimwonyeshe kwa vitendo. Nilitoa stoo kompyuta kuukuu isiyo na hata kifuniko cha ubavuni, nikaweka Linux na diski kubwa, nikaunda folda yenye njia ile ile, kisha nikabadilisha jina la seva ya Dodoma katika DNS yetu ya ndani (orodha inayogeuza majina ya seva kuwa anwani) lielekee kwenye mashine hiyo. Kuingia hakukuwa kikwazo, kwa sababu mwenye mashine ndiye anayeamua akubali ufunguo upi. Usiku wa kuamkia Jumapili ya tarehe 15, saa nane na dakika chache, feni ya kompyuta ile ikaanza kuvuma, na folda ya mishahara ikaanza kujaa mbele ya macho yetu. Meneja alisoma jina lake mwenyewe katika faili la tatu. Hakusema neno; alivuta kiti akakaa. Diski ile tuliifuta asubuhi mbele ya mashahidi wawili.

Mngedhani yameishia hapo. Nilipouliza ufunguo wa siri unaotumiwa na skripti ulitengenezwa wapi, niliambiwa ulitengenezwa kwenye kompyuta mpakato ya fundi, kisha ukatumwa katika kundi la WhatsApp la mradi ili "kila mtu awe nao". Nilirudi nyuma katika mazungumzo ya kundi lile nikaukuta, kuanzia mstari wa BEGIN OPENSSH PRIVATE KEY hadi mwisho, ukiwa umewekewa dole gumba na watu wawili. Ufunguo huo hauna nywila, ni wa mtumiaji root, mwenye mamlaka yote ya seva, na umewekwa katika seva zote mbili, hivyo aliyenao anaingia popote na kufuta chochote. Maana yake ni kwamba mhalifu akiishika seva ya Dar leo, nakala za Dodoma anazifuta kwa amri moja, wakati seva ya nakala rudufu iliwekwa mahususi kwa ajili ya siku kama hiyo.

Nilichokifanya baada ya kuuondoa ufunguo huo hakikunigharimu hata shilingi. Nimegeuza mwelekeo: sasa Dodoma ndiyo inayokuja kuvuta, na Dar haina ufunguo wowote wa kuingilia huko. Ufunguo mpya umetengenezwa ndani ya seva ya Dodoma na sehemu yake ya siri haijatoka humo. Kilichosafiri ni ufunguo wa umma peke yake, ile sehemu isiyo ya siri. Katika faili la authorized_keys la Dar, linaloorodhesha funguo zinazoruhusiwa kuingia, mstari wake unaanza na restrict (neno linalozima ruhusa za ziada), unataja anwani moja tu inayoruhusiwa, na unalazimisha rrsync (rsync iliyowekewa mipaka) kwa kusoma tu, tena ndani ya folda moja, chini ya akaunti isiyo ya root.

Kuhusu utambulisho, nilisimama mbele ya seva ya Dar, nikatoa alama ya kidole ya ufunguo wake (muhtasari mfupi wa kuutambulisha) kwa programu ya ssh-keygen, na mwenzangu wa Dodoma akawa na ile aliyoiona kwenye skrini yake. Tukasomeana kwa simu: herufi kubwa K, ndogo j, saba, alama ya kujumlisha, ndogo w. Baada ya herufi nane nilitaka tuishie hapo, naye akasema, "Hapana kaka, twende hadi mwisho." Tukaenda zote 43. Dakika nne, basi. Ndizo dakika ambazo mzabuni aliyelipwa awamu mbili za fedha za wanachama hakuwa nazo.

Naomba pia nisiambiwe kwamba haya ni mambo ya kiufundi ya kumalizana kimya kimya. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeanza kutumika tangu tarehe 1 Mei 2023, na chini yake sisi ni wakusanyaji wa taarifa hizi. Mwanachama akilalamika kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, atakayeitwa kujieleza ni chama, na fundi mwenye kompyuta mpakato atakuwa ameshahamia mradi mwingine.

Kwa wenzangu ambao mmewahi kuandika hadidu za rejea za kazi kama hii, naomba mnionyeshe mliweka masharti gani ya ukaguzi kabla ya kusaini makabidhiano, kwa sababu hati yetu ilidai tu "uthibitisho kwamba nakala imekamilika".

Nao wameuleta. Ijumaa tumepokea barua yao ya kudai malipo ya awamu ya mwisho, na kiambatisho ni picha ya skrini yenye maandishi ya kijani, URUDUFISHAJI UMEKAMILIKA. Ukiitazama kwa makini utaona tarehe yake ni 15, saa nane usiku. Mpokeaji wa usiku huo alikuwa kompyuta yangu ya stoo.