Kuchachusha pumba za kuku: kuna aliyefanya akaona tofauti kwenye mayai?

Mke wa Fundi

Habari za jioni wakuu. Nipo Chanika, Dar. Nina mitetea chotara 24, Sasso na Kuroiler mchanganyiko, na majogoo wawili. Nawafuga uani kwenye banda la mabanzi, mchana nawafungulia. Walipoanza kutaga nilikuwa nauzia majirani na kijana wa chipsi hapa kituoni, hela ya mboga haikunipiga chenga. Chakula cha dukani kilipopanda bei nikawahamishia kwenye pumba za mahindi, na majani ya mchicha na mapapai yaliyooza. Sasa mayai yameshuka vibaya. Kuna siku naokota manne, na mengine ganda lake ukilibonyeza kwa kidole linaingia ndani.

Jirani kaniambia nichachushe hizo pumba, eti kuku wanashiba kwa kidogo, wanataga sana na banda halinuki. Basi nimeloweka kwenye ndoo ya rangi ya lita 20, nikafunika na mfuniko wake. Leo kufunua nakuta mapovu, harufu kali ya uchachu, na juu pametanda utando mweupe. Nimeogopa kuwapa. Je, hicho ni chakula au ni sumu? Na kweli mayai yatarudi? Naombeni ushauri wenu, msinicheke.

Chapombe Mstaafu

Usiwape kuku, nielekeze kwako nije na kata yangu.

Babu Kuchi

Huyo hapo juu msameheni. Dada, tuanze na ulichokiona. Mapovu ni dalili njema, bakteria wanafanya kazi. Harufu ikiwa ya uchachu safi, kama togwa ya jana, chakula ni kizima. Utando mweupe, laini, uliotulia juu ya maji na usio na manyoya ni hamira za porini tu. Wengine wanauengua, mimi huwa naukoroga humohumo. Ila ukiona manyoya, yawe ya kijani, meusi, ya waridi au hata meupe, huo ni ukungu. Hapo usiengue, mwaga ndoo nzima mbali na kuku. Vilevile ikinuka uozo, choo au matapishi, mwaga. Pua yako inatosha, huhitaji kipimo.

Kinachonitia wasiwasi ni ndoo. Ndoo ya rangi hata uisugue vipi siiamini, kwa sababu uchachu unakwangua kilichoganda ukutani. Tafuta ndoo iliyokuwa na mafuta ya kula, ya plastiki. Bati usiguse kabisa: asidi inayeyusha zinki ya kwenye bati na kuku wanaila. Hata kilishio cha kuwamwagia kisiwe cha bati, tumia beseni la plastiki au gogo la mti ulilochonga.

Na mfuniko usiukaze. Gesi inatoka humo, ukikaza ipo siku utasikia mlio. Funika na kitambaa au weka mfuniko juujuu, nzi wasiingie basi.

Mimi nafanya hivi. Pumba zinaingia nusu ndoo, natia maji mpaka yapite juu kiasi cha vidole viwili, nakoroga. Pumba hunywa maji sana, baada ya saa chache naongeza. Maji ya bomba nayaacha wazi usiku mzima kabla ya kuyatumia ili dawa ipungue, isije ikawadhoofisha hao bakteria ninaowategemea. Ya mvua au kisima kisafi natia moja kwa moja. Asubuhi na jioni nakoroga, kilicho juu kizame. Kwa joto lenu la Dar, siku moja na nusu au mbili inatosha. Ndugu zetu wa Njombe wangoje hata siku nne. Ndoo ikiisha naacha bakuli moja la ule uji chini uwe mbegu ya inayofuata, inachachuka upesi zaidi.

Kuku500

Mimi niseme ukweli ingawa utawaudhi wapenzi wa asili. Nina mitetea mia tano. Kila mmoja anakula kama gramu 120 za chakula kikavu kwa siku, hiyo ni kilo 60. Uiloweke, uikoroge, uibebe ikiwa imelowa na uzito wake umezidi mara mbili, uoshe vilishio kila siku maana mabaki yakikauka yanaota ukungu. Nani wa kufanya hiyo kazi? Kijana wangu alikimbia kwa sababu ya kuzoa mbolea tu. Kwa kuku 24 fanyeni, ni mchezo mzuri wa uani. Lakini msidanganyane kwamba ndoo inashusha mayai kutoka mbinguni.

Babu Kuchi

Sijasema mbinguni. Nimesema ndoo.

Mganga wa Mifugo

Kuku500 lugha yake ni ya ukali lakini ana hoja, na hoja hiyo ndiyo jibu la swali la pili la dada yetu. Wengi humu wanaijadili ndoo, wakati tatizo lipo ndani ya kiroba cha pumba.

Mtetea anayetaga anahitaji chakula chenye protini kama asilimia 16 mpaka 18. Pumba za mahindi zina kama 10. Ukizichachusha zinabaki na 10. Bakteria hawaleti protini kutoka hewani. Wanachofanya ni kuanza kusaga chakula kabla ya kuku: wanakitia uchachu ambao vijidudu vingi vibaya haviupendi, na wanafungua fosforasi iliyofungwa ndani ya pumba, ambayo kwa kawaida inapita tumboni na kuishia kwenye kinyesi. Faida hizo zipo, na kwa sababu chakula kimelowa hakipeperuki wala hakimwagwi ovyo. Hapo ndipo jirani yako anapoona kuku wanashiba kwa kidogo. Ila yai lina protini yake, na mtetea hana pa kuitoa kama hajaila.

Ganda laini ni kesi nyingine. Hiyo ni chokaa. Pumba karibu hazina kalsiamu, na mtetea anaitoa kwenye mifupa yake mpaka inaisha. Ukichelewa utaona wengine wanashindwa kusimama. Nunua chokaa ya mifugo leo, au twanga maganda ya chaza, weka kwenye kopo lake peke yake bandani. Kila mmoja atadonoa kwa mahitaji yake. Usiitie kwenye ndoo ya kuchachusha, maana chokaa inaua uchachu na ndoo itakaa siku nyingi bila kufikia ukali unaotakiwa, wakati huo vijidudu vingine vinajichukulia nafasi. Na vifaranga kama unao usiwape chokaa ya wakubwa, itawaharibia figo.

Kabla sijaendelea: mara ya mwisho umechanja lini mdondo, yaani kideri? Wamewahi kupewa dawa ya minyoo? Na usiku ingia bandani na tochi, angalia kwenye fito wanakolala na chini ya mbawa kama kuna utitiri. Kuna mabanda watu wanabadilisha chakula mara tano kumbe kuku wananyonywa damu usiku kucha.

Mke wa Fundi

Asante sana daktari. Chanjo ya mdondo walipewa wakiwa vifaranga, tangu hapo sijarudia. Minyoo sijawapa. Utitiri ndiyo natoka kuangalia: kwenye maungio ya mabanzi kuna vidudu vidogo vyekundu, nimevisaga kwa kidole damu imetoka.

Mganga wa Mifugo

Haya, umeona. Toa matandiko yote uyachome, mwagia maji yanayochemka kwenye nyufa, kisha duka la mifugo watakupa dawa ya kupuliza. Uliza inayoruhusiwa kwa kuku wanaotaga na siku ngapi usile mayai. Baada ya wiki moja hivi urudie, kwa sababu mayai ya utitiri hayafi kwa raundi ya kwanza. Chanjo ya mdondo ya I-2, ile ya tone la jicho, inarudiwa kila miezi mitatu. Changa na majirani, chupa moja ni ya kuku wengi na ikishafunguliwa haihifadhiki.

Kwenye chakula, kama hutaki cha dukani changanya mwenyewe. Kwa kilo 100: mahindi yaliyoparazwa 35, pumba 25, mashudu ya alizeti 20, dagaa waliosagwa 10, chokaa 8, unga wa mifupa kilo moja na nusu, chumvi gramu 250, premiksi (mchanganyiko wa vitamini na madini) ya kuku wa mayai gramu 250 au kama paketi inavyoelekeza. Hapo utapata protini karibu 16. Kwa kuku wako wote ni kama kilo tatu kwa siku. Mahindi, pumba na mashudu ndivyo uviloweke. Dagaa, premiksi na chokaa uvitie wakati wa kuwamwagia. Dagaa akioza kwenye ndoo ambayo bado haijachachuka vizuri ni hatari, kuku analegea shingo na hanyanyuki tena.

Omena Tu

Hamjambo, mimi niko Kisumu. Nakubaliana na daktari, niongeze moja kuhusu omena, hao dagaa wenu. Wanaouza za kuku sokoni mara nyingi wanakupa zilizofagiliwa chini, nusu ni mchanga. Chukua konzi, tumbukiza kwenye glasi ya maji, ukoroge, uone kinachobaki chini. Na onja moja. Ikiwa na chumvi kali usinunue, kuku atakunywa maji mpaka banda liwe tope, na wewe utadhani ni ugonjwa. Zikiwa na chumvi kidogo punguza ile gramu 250.

Kuku wangu wamezoea chakula cha kuchacha lakini siku za mwanzo walikikataa kabisa. Jogoo alitia mdomo, akatikisa kichwa, uji ukarukia ukutani na kwenye miwani yangu. Anza na konzi mbili juu ya chakula kikavu, uongeze polepole.

Mgogo Halisi

Jambo moja limesahaulika: pumba zenyewe. Sisi wa Dodoma sumukuvu tunaijua, mwaka 2016 hapa na Manyara watu walipoteza maisha kwa sababu ya mahindi yaliyoota ukungu. Wauza pumba wengine huchanganya mabaki ya mahindi mabovu, kwa kuwa "ni ya mifugo". Usitegemee uchachu uondoe hiyo sumu. Kuku hafi palepale, ini linachoka taratibu, hatagi, chanjo hazimshiki. Fungua kiroba dukani, ingiza mkono mpaka katikati. Pakiwa pa moto, pana mabonge au harufu ya vumbi la stoo, rudisha kiroba. Nyumbani kiweke juu ya mbao, si sakafuni.

Kuku500

Mgogo kaongea. Mimi nilishauziwa kiroba cha namna hiyo na duka moja, juu safi, katikati kijani.

Mke wa Fundi

Nimeelewa, nashukuru wote. Ile ndoo nimeimwaga, kesho naanza na utitiri na chokaa. Swali la mwisho babu: nikishawamwagia niwaachie kwa muda gani?

Babu Kuchi

Kiasi cha kumaliza ndani ya nusu saa au saa moja hivi. Kikibaki toa, jua la Dar halisubiri. Gawa asubuhi na jioni, kamua maji yapungue kiwe kama ugali uliovunjika, kikiwa uji kinawaganda kidevuni na kifuani. Maji safi ya kunywa yawepo wakati wote, wasikwambie chakula kimelowa basi hawahitaji.

Chapombe Mstaafu

Na hayo maji yanayokamuliwa?

Babu Kuchi

Yanarudi kwenye ndoo. Kaa mbali.