Kariakoo ibomolewe yote iwe ghorofa za biashara? Mi napinga, tujadiliane

Wakuu, juzi kuna jamaa humu kaandika eti nyumba za chini zilizobaki Kariakoo zinaharibu mji, zivunjwe zote maana Wakongo na Wazambia wanafuata mzigo, hawaji kuangalia baraza za wazee. Biashara naikubali, ila hapo kwenye kuvunja zote kachemka.

Kariakoo haikuanza na fremu. Mwingereza alipoichukua Dar 1916 aliweka pale kambi ya wapagazi wa jeshi, baadaye likawa eneo la Waafrika na Mnazi Mmoja ikaachwa wazi iwatenge na Uhindini. Watu wakajenga nyumba za Kiswahili, korido katikati, vyumba huku na huku, jiko na choo uani, Mzaramo chumba hiki Mmanyema kile. TANU imezaliwa humo 1954, Simba na Yanga ni za mitaa hiyohiyo. Hayo yote yaliletwa na watu waliokuwa wanalala pale.

Sasa angalia ghorofa za leo, chini fremu juu stoo, ngazi zimejaa marobota mpaka watu wawili hawapishani, moto ukiwaka mnatokea wapi? Na soko lenyewe tuliliona likiungua Julai 2021. Novemba 2024 jengo likaporomoka, zaidi ya watu 20 wakafa, na taarifa zilitaja uchimbaji wa chini kuongeza maduka. Yaani mtu kwa ajili ya kilemba, ile hela ya juu anayotoa mpangaji ili apewe fremu, yuko radhi achimbe chini ya nguzo! Hii inaniuma sana.

Halafu tunaambiwa biashara saa 24, ilizinduliwa Februari 2025, sawa, lakini mtaa ambao hakuna familia inayolala usiku nani anamjua mwizi na nani mpangaji?

Soko la Kariakoo la 1975 alilolichora msanifu majengo Beda Amuli, lile lenye paa la miamvuli inayokinga mvua, baada ya moto lilikarabatiwa na jipya likajengwa pembeni. Kumbe inawezekana. Basi mitaa hata miwili mitatu ibaki na nyumba zake, mwenye nyumba apunguziwe kodi ya jengo, na ghorofa mpya isipate kibali bila floo za kuishi watu.

Wenye nyumba za urithi huko Narung'ombe, Sikukuu, Likoma, mkipewa nafuu hiyo mngekataa hela ya mwekezaji au bado mngeuza?